Bia kali ya Kiingereza inapozeeka: chupa ya miaka 17 yafunguliwa Gihosha

Katika nyumba moja iliyojengwa kwenye mteremko wa Gihosha, kaskazini-mashariki mwa jiji la Bujumbura, chupa ya bia iliyokuwa gizani tangu mwaka 2007 ilifunguliwa jioni moja ya Desemba 2024 mbele ya watu saba. Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, ya sentilita 33. Wawili kati ya waliohudhuria hawakunywa, kwa sababu zitakazoelezwa, na kila mmoja wa watano waliosalia alipata kiasi cha vijiko vinne vya chakula.

Msomaji wa Bujumbura ana haki ya kuuliza kwa nini mtu aihifadhi bia miaka 17. Hapa kwetu bia iliyokaa ni bia iliyoharibika, na mwenye duka anayemuuzia mteja chupa iliyopitwa na tarehe hugombezwa. Lakini kilichokuwa mezani Gihosha hakikuwa Primus wala Amstel. Ilikuwa bia kali ya Kiingereza, ya aina ambayo Waingereza wenyewe huiita mvinyo wa shayiri, yenye kileo cha zaidi ya asilimia 11, na iliyotengenezwa kwa nia ya kungojwa.

Mzee wa nyumba alisoma Uingereza. Alipopata mtoto wake wa kwanza, binti, rafiki mmoja wa huko alimpa chupa hiyo akamweleza desturi ya zamani: bia kali hutengenezwa au huwekwa mtoto anapozaliwa, na hufunguliwa siku anapotimiza miaka 21. Kwa hiyo chupa ilipangiwa mwaka 2028. Iliwekwa katika stoo ndogo iliyochimbwa ndani ya mteremko nyuma ya jiko, mahali pasipo dirisha, na watoto wakakatazwa kuigusa.

Kilichoharakisha mambo ni mvua. Wakazi wa kando ya mto Ntahangwa wanajua jinsi korongo lake linavyomega kingo kila msimu wa masika, na ukuta wa nyuma wa nyumba hiyo sasa unaning'inia karibu na ukingo. Familia imeamua kuhama. Nyumba waliyoipata ni ya kupanga, ina paa la mabati na haina chumba kinachobaki baridi mchana. Mzee alipima mambo mawili: kuibeba chupa hadi kwenye joto hilo na kuitunza miaka mingine 4, au kuifungua ikiwa bado katika stoo iliyoilea. Akachagua la pili.

Bia iliyotengenezwa ili ingojwe

Katika karne ya 18, kabla ya mashine za kupozea, Waingereza waliepuka kutengeneza bia wakati wa kiangazi kwa kuwa joto liliiharibu. Nyumba kubwa za mashambani zilitengeneza bia zake kali zaidi mwezi Machi na hasa mwezi Oktoba, baada ya mavuno, hali ya hewa ilipopoa. Bia hiyo ya Oktoba ilikaa katika mapipa mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Wenye mali waliweka pipa lake pale alipozaliwa mrithi, nalo likangoja hadi kijana afikishe miaka 21, umri wa utu uzima katika sheria ya Uingereza ya wakati ule.

Mfano maarufu unatoka katika mji wa Burton-on-Trent, kitovu cha utengenezaji wa bia cha Uingereza ya kati. Mwaka 1869 kiwanda cha Bass kilitengeneza bia maalumu ya kusherehekea kuzaliwa kwa Harry Ratcliff, mtoto wa mojawapo ya familia zilizomiliki kampuni hiyo. Mwaka 2006 chupa za bia hiyo zilipatikana zikiwa bado zimefungwa katika ghala la chini ya ardhi mjini humo. Baadhi zilifunguliwa, na walioonja walieleza kwamba bado ilinyweka na ilikuwa na ladha ya zabibu kavu. Ilikuwa imekaa karibu miaka 137. Kiwanda hichohicho kilimpokea Mfalme Edward wa Saba mwezi Februari 1902. Alianzisha mwenyewe upishi wa bia moja, na chupa za bia hiyo ya mfalme hadi leo hutafutwa na wakusanyaji.

Ukali wa bia za Burton ulikuwa na matumizi mengine pia. Mwaka 1852 kiwanda cha Allsopp kiliwatengenezea mabaharia wa Sir Edward Belcher bia nzito ya kwenda nayo katika bahari ya barafu ya kaskazini, walikokuwa wakiwatafuta wenzao waliopotea pamoja na Sir John Franklin. Kileo kingi kiliizuia bia kuganda upesi, na sukari iliyobaki ndani yake iliwapa watu nguvu. Ilikuwa chakula kama ilivyokuwa kinywaji, jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa karibu na chungu cha impeke atalielewa bila kufafanuliwa.

Desturi ya kungoja ilikaribia kufa katika karne ya 20, bia nyepesi zilipotawala soko. Iliyoifufua ni bia moja iliyotengenezwa na kiwanda cha Eldridge Pope mjini Dorchester mwaka 1968, kwa kumbukumbu ya miaka 40 tangu kufa kwa mwandishi Thomas Hardy. Iliitwa Thomas Hardy's Ale, na lebo yake iliahidi kwamba ingedumu angalau miaka 25. Kiwanda cha J.W. Lees cha Manchester kilifuata mwaka 1986 na Harvest Ale yake yenye kileo cha asilimia 11.5, hutengenezwa mara moja kwa mwaka kwa shayiri na hopsi za mavuno mapya. Fuller's ya London ilianza bia yake ya kila mwaka, Vintage Ale, mwaka 1997. Hiyo ni nyepesi kidogo, asilimia 8.5. Kila chupa huandikwa mwaka wake, kama mvinyo wa Kifaransa, ili mnunuzi aweze kulinganisha mwaka na mwaka.

Ndani ya chupa iliyofungwa

Bia ya kawaida ina maadui wawili, vijidudu na hewa. Bia kali ina ngome dhidi ya wa kwanza. Kileo cha asilimia 11 kinawadhoofisha bakteria wengi. Hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia ukakasi wake, yana asidi zinazowazuia bakteria wa kuchachusha wasizaliane. Isitoshe, bia yenyewe ina uchachu wa kiasi na gesi ya kaboni, na kabla ya hapo ilichemshwa. Ndiyo sababu bia ya zamani inaweza kuwa mbaya mdomoni, lakini ni nadra sana kumdhuru mtu kwa vijidudu.

Hewa ni mtihani mgumu zaidi. Hata chupa iliyozibwa vizuri ina chembe za oksijeni, na kizibo cha bati huvujisha nyingine kidogokidogo kadiri miaka inavyopita. Katika bia nyepesi oksijeni hiyo huleta haraka ladha ya katoni iliyolowa maji. Katika bia kali, yenye kimea kingi kilichopata rangi kwa moto, oksijeni hukutana na vitu vingi vya kugusana navyo, na baadhi ya matokeo yake yanapendeza: harufu ya zabibu kavu, tende, njugu, ngozi ya viatu vipya, na ile ya mvinyo wa Kihispania uitwao sherry. Uchungu wa hopsi nao hufifia mwaka hadi mwaka, hivyo utamu uliokuwa umejificha nyuma yake hujitokeza.

Bia nyingi za aina hii hutiwa chupani zikiwa na hamira hai. Hamira hiyo hula sukari kidogo iliyobaki, huongeza gesi, na hunyonya sehemu ya oksijeni, kwa hiyo huilinda bia katika miaka ya mwanzo. Lakini hamira nayo hufa. Chembe zake zinapopasuka humwaga yaliyomo ndani, na bia hupata ladha ya mchuzi wa nyama au ya sosi ya soya. Ikiwa kidogo, wapo wanaoipenda. Ikizidi, kinywaji kinageuka supu.

Kuna adui wa tatu ambaye ni rahisi kumzuia, nao ni mwanga. Miale ya jua huzivunja asidi za hopsi na kuzaa harufu kama ya kicheche aliyeudhiwa. Chupa ya rangi ya kahawia husaidia, chupa ya kijani au nyeupe haisaidii sana, na giza la stoo linashinda zote.

Hesabu ya joto

Hapa ndipo Bujumbura inapotofautiana na Burton. Maghala ya chini ya ardhi ya Uingereza hukaa kati ya nyuzi 10 na 13 za Selsiasi mwaka mzima. Bujumbura, iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwenye mwinuko wa karibu mita 775, ina wastani wa nyuzi 24 hivi. Gihosha iko juu kidogo ya katikati ya jiji na hupata upepo wa milimani usiku, na stoo iliyochimbwa ardhini hupunguza joto la mchana. Hata hivyo, ardhi ya hapa haipoi kama ya kule.

Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: mabadiliko mengi ya kikemia huenda kwa kasi ya mara 2 hadi 3 zaidi kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Tuchukue tofauti ya nyuzi 12 kati ya ghala la Kiingereza na stoo ya Gihosha. Kasi inakuwa mara 2.3 hadi 3.7. Kwa hesabu hiyo, miaka 17 ya Gihosha ni sawa na miaka kama 39 ya Uingereza kwa uchache, na kwa wingi zaidi ya 60. Binti wa nyumba hiyo ana miaka 17, lakini bia aliyozaliwa nayo tayari ilikuwa na umri wa babu yake.

Hii ni kanuni ya makadirio tu. Tena joto haliharakishi kila badiliko kwa kiwango kimoja: ladha ya katoni na ya hamira iliyokufa huja mapema kuliko zile tamu za tende na njugu, kwa hiyo bia iliyozeeshwa kwa joto haifanani kabisa na iliyozeeka polepole. Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayeletewa chupa ya namna hii Bujumbura na hana mahali pa baridi asingoje zaidi ya miaka 4 au 5. Anaye ndugu Ijenda au sehemu nyingine ya milima ya Mugamba, ambako usiku watu hulala na mablanketi mawili, na amtume chupa huko.

Bia za kwetu zisizongoja

Wanaoyaona haya kuwa mambo ya kigeni wakumbuke kwamba Burundi nayo hutofautisha bia ya leo na bia inayoweza kukaa. Urwarwa, bia ya ndizi, huanza na ndizi zilizokatwa zikiwa zimekomaa, zikaiviswa siku kadhaa shimoni au mahali penye moshi na joto. Humenywa na kukamuliwa kwa majani katika kihori cha mti kiitwacho umuvure. Maji yake matamu, umutobe, huchujwa, huongezwa maji, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa. Baada ya siku 2 hadi 4 pombe iko tayari. Majirani wa Uvira na Bukavu huiita kasiksi; wa Kagera wanayo rubisi yao, na Wachagga huchanganya ndizi na ulezi kupata mbege.

Hakuna hopsi humo, na kwa kawaida umutobe hauchemshwi. Hamira inayoichachusha hutoka kwenye unga, kwenye chombo na hewani, ikiandamana na bakteria wa kila aina. Ndiyo maana urwarwa huwa na ladha hai ambayo kiwanda hakiwezi kuiiga, na ndiyo maana baada ya siku chache huelekea kuwa siki. Anayeingoja wiki mbili amejitengenezea kiungo cha kachumbari.

Lakini ipo isongo. Hii hutengenezwa kwa umutobe usioongezwa maji, kwa hiyo ina sukari nyingi, kileo kingi, na hudumu zaidi ya urwarwa. Ni kinywaji cha heshima, cha posa na cha mahari. Kanuni yake ni ileile ya Burton: ukitaka kinywaji kikae, kianze kikiwa kizito. Tofauti ni kwamba Waingereza walikuwa na hopsi, kuchemsha na baridi. Mkulima wa Ngozi ana uzito wa ndizi zake peke yake. Na ndizi zenyewe hazina uhakika kama zamani, kwa kuwa mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa katika migomba ya Uganda mwaka 2001, ulienea baadaye katika eneo lote la Maziwa Makuu na kuwalazimisha wakulima wengi kung'oa mashamba.

Impeke, bia ya mtama, ni ya haraka pia. Hunyweka ikiwa bado inachemka, kwa mirija iitwayo imiheha iliyotumbukizwa katika chungu kimoja. Mtama ulikuwa zao la wafalme. Sikukuu ya umuganuro, iliyofungua msimu wa kuupanda, ilikuwa kubwa kuliko zote katika Burundi ya kale.

Bia ya kiwanda ilikuja baadaye. Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, wakati mji huu ukiitwa Usumbura na nchi ikiwa chini ya Wabelgiji. Bia zake ni nyepesi na zinakusudiwa kunywewa mapema. Kimea chake hutegemea shayiri ya nje, na hopsi haistawi vizuri karibu na ikweta, kwa sababu mmea huo huhitaji siku ndefu za kiangazi cha kaskazini au cha kusini ya mbali ili uchanue. Wanywaji wa Bujumbura walikumbushwa utegemezi huo katika miaka ya karibuni, fedha za kigeni na mafuta vilipoadimika na makreti yakaadimika pia.

Mezani Gihosha

Chupa ilisimamishwa wima siku 3 kabla, ili machicha ya hamira yatulie chini. Haikuwekwa kwenye friji hadi iwe baridi kama soda. Bia ya aina hii hunywewa ikiwa na nyuzi kama 13, kwa kuwa baridi kali huiziba harufu. Mama mwenye nyumba aliiweka kwenye friji dakika 40, akaitoa. Kizibo kilifunguka kwa sauti ndogo sana, na mzee akamimina polepole katika vikombe vidogo vya chai, akiacha kidole kimoja cha tope chini ya chupa.

Rangi ilikuwa ya kahawa iliyochujwa. Povu halikuwepo, isipokuwa duara jembamba ukingoni lililotoweka mara moja. Harufu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia: tende, sukari guru iliyoungua kidogo, ganda la chungwa lililokauka. Mmoja wa wageni ni jirani wa zamani wa familia hiyo kutoka Buyenzi, Mwislamu asiyekunywa, aliyekuja kwa ajili ya kuagana. Alinusa kikombe kwa ruhusa ya mwenyeji, akasema harufu ilimkumbusha sahani ya futari. Kisha akakirudisha. Kwa hakika pua yake ilikuwa sahihi kuliko maelezo yetu yote.

Mdomoni mambo yalikuwa magumu zaidi. Utamu ulifika kwanza, ukafuatwa na chumvichumvi ya sosi ya soya, na mwishoni ile katoni iliyolowa tuliyoiogopa. Uchungu wa hopsi ulikuwa umekwisha kabisa. Kileo kilihisika kama joto kooni, bila kuunguza. Haikuwa siki. Haikuwa imeoza. Ilikuwa imepita kilele chake kwa miaka mingi, na kama ingefunguliwa mwaka 2012 pengine tungekuwa tunaandika makala ya furaha zaidi. Watu wawili walimaliza vikombe vyao kwa heshima tu. Mzee alimaliza chake na akaomba cha mkewe.

Asiyekunywa wa pili alikuwa binti mwenyewe, kwa kuwa hajatimiza miaka 18. Aliyewekewa bia hakuionja. Alinusa kikombe kitupu cha baba yake kwa muda mrefu, akauliza kama ilikuwa na harufu hiyohiyo alipozaliwa. Mzee alimjibu kwamba hajui, kwa sababu ilikuwa chupa moja tu.

Chupa tupu imeoshwa, imefungwa kwa gazeti na kuwekwa katika sanduku la vyombo vitakavyohama. Kwa ajili ya mwaka 2028 mama ameshaongea na shangazi zake wa Ngozi, ambao bado wana migomba. Watakamua isongo wiki ileile ya sherehe.